Ghali kwa Nani, Rahisi kwa Lipi? Uhakiki wa Mizani ya Bei katika Ulinganishaji wa Programu za Usanifu kwa Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu za usanifu kwa kompyuta zinazotumiwa na wahandisi zinavyolinganishwa kwa kugawanywa katika makundi mawili: programu za daraja la juu zinazouzwa kwa bei kubwa, na programu za gharama nafuu. Hoja kuu ni kwamba mgawanyo huo umetwikwa mzigo usioweza kuubeba. Bei hueleza kwa sehemu tu uwezo wa programu wa kujenga umbo. Kwa sehemu kubwa zaidi, hueleza ni nani atakayebeba kazi ya kuhakikisha kwamba modeli inabaki na maana ileile inapopita katika mikono mingi na miaka mingi. Hoja hii inajengwa kwa kupitia chimbuko la mgawanyo wenyewe, kiini cha kijiometri kinachotumiwa na programu za bei tofauti, mkasa wa nyaya za ndege ya Airbus A380, na tatizo la muda mrefu la utambuzi wa nyuso katika FreeCAD. Mwishoni yanapendekezwa maswali manne yanayoweza kuifanya mizani ya ulinganishaji iwe ya haki zaidi.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno moja linalobeba maana mbili ambazo mhandisi anapaswa kuzitenga. Tukisema kitu ni rahisi, twaweza kumaanisha kwamba bei yake ni ndogo; twaweza pia kumaanisha kwamba kukitumia hakuhitaji jitihada kubwa. Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya bei ndogo, nasi tukaliongezea maana ya wepesi. Katika mazungumzo ya sokoni utata huu hauna madhara, kwa kuwa muktadha huufafanua. Katika kulinganisha zana za kihandisi, hata hivyo, utata huu huzaa kosa la hoja: programu ya bei rahisi hudhaniwa kuwa ya kazi nyepesi, na programu ghali hudhaniwa kuwa ngumu, na kwa hiyo bora.

Ulinganishaji uliozoeleka hupanga programu katika jedwali. Safu moja huonesha bei, na safu zinazofuata huonesha uwezo mbalimbali kwa alama ya ndiyo au hapana. Jedwali la namna hii lina faida yake, hasa kwa mnunuzi anayetaka kuondoa haraka chaguo zisizomfaa. Lakini ndani yake imefichika dhana kwamba uwezo ni kitu kilichomo ndani ya programu, kama maji mtungini, na kwamba bei ni kipimo cha ujazo wake. Makala haya yanaipinga dhana hiyo.

Upeo wa uhakiki huu ni programu za usanifu katika uhandisi wa mitambo. Katika daraja la juu zinazungumziwa CATIA, NX na Creo. Katika daraja la kati, SolidWorks na Solid Edge. Na katika kundi la gharama nafuu, AutoCAD LT na FreeCAD. Lengo si kumpata mshindi miongoni mwa programu hizo. Lengo ni kuchunguza iwapo swali la nani mshindi limeulizwa ipasavyo.

2.0 Chimbuko la Mgawanyo

Mgawanyo wa ghali na rahisi haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT tasnifu ya uzamivu iliyoeleza mfumo wa Sketchpad, ambao ulimwezesha mtu kuchora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mfumo huo ulifanya kazi kwenye TX-2, kompyuta ya maabara ambayo mtu binafsi asingeweza kuimiliki. Swali la bei ya programu halikuwa na maana, kwa kuwa aliyekuwa na kompyuta ndiye aliyekuwa na kila kitu.

Katika miaka iliyofuata, kampuni kubwa za ndege na magari zilijitengenezea mifumo yao wenyewe. Kazi iliyozaa CATIA ilianza mwaka 1977 ndani ya kampuni ya ndege ya Dassault nchini Ufaransa, na mwaka 1981 ikaundwa kampuni ya Dassault Systèmes ili kuiendeleza na kuifikisha sokoni. Bado bei ya programu haikuweza kutenganishwa na bei ya mashine iliyoiendesha. Kwa maana hiyo, udaraja la juu ulikuwa sifa ya kompyuta kabla haujawa sifa ya programu.

Mabadiliko yalianza Desemba 1982, AutoCAD ilipotolewa kwa ajili ya kompyuta za mezani. Kwa uwezo wa kujenga maumbo haikufikia mifumo mikubwa. Kimsingi ilikuwa ubao wa kuchorea. Ilichobadilisha ni nani angeweza kuketi mbele ya ubao huo. Mabadiliko ya pili yalikuja mwaka 1995, SolidWorks ilipotolewa kwa mfumo wa Windows kwa bei ya dola 3,995. Ilileta kwenye kompyuta ya kawaida mtindo wa kujenga maumbo mango kwa vipimo vinavyorekebishika, mtindo ambao Pro/ENGINEER, iliyo mzazi wa Creo ya leo, ilikuwa imeueneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 1997 Dassault Systèmes iliinunua SolidWorks kwa dola milioni 310, nayo imeendelea kuiuza pamoja na CATIA hadi leo. Tukio hili lina uzito katika hoja yetu. Mpaka kati ya daraja la juu na daraja la kati sasa unapita ndani ya duka la mfanyabiashara mmoja. Mpaka wa namna hiyo hauwezi kuwa wa kiufundi peke yake. Kwa sehemu ni uamuzi wa soko: mwenye duka huchagua bidhaa ipi ipewe nini ili moja isiile nyingine.

3.0 Kiini Kimoja, Bei Nyingi

Kila programu inayojenga maumbo mango ina kiini cha kijiometri, yaani maktaba ya hesabu inayojua nyuso zinakutana wapi, tundu linatobolewaje, na ukingo mkali unalainishwaje. Mtumiaji hakioni kiini hicho. Huona vitufe na menyu. Lakini anapoagiza silinda ikatwe kutoka kwenye mchemraba, kiini ndicho kinachofanya kazi.

Parasolid ni mojawapo ya viini vinavyotumika sana. Asili yake ni Cambridge, Uingereza, na kwa sasa inamilikiwa na Siemens. Inatumiwa na NX, programu ya daraja la juu ya Siemens. Inatumiwa pia na Solid Edge, programu ya daraja la kati ya kampuni hiyohiyo. Vilevile inatumiwa na SolidWorks, iliyo mali ya Dassault Systèmes, mshindani mkubwa wa Siemens. Ni kama wapishi watatu wanaosaga mahindi katika kinu kimoja: ugali wao waweza kutofautiana, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba unga wake umesagwa kwa jiwe jingine.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuishia hapo na kutangaza kwamba daraja la juu ni jina tupu. Programu hizo zina uwezo halisi ambao nyingine hazina au zinao kwa kiwango kidogo. Kwanza ni ujenzi wa nyuso huria zenye mwendelezo wa mpindo, kama zile za bodi ya gari, ambako mwanga unaoakisiwa hufichua kasoro ndogo sana. Pili ni usanifu wa sehemu za nyuzi zilizotandikwa tabaka kwa tabaka. Tatu ni uandaaji wa njia za mashine za kuchonga zenye mihimili mitano. Nne ni kuhimili mikusanyo yenye makumi ya maelfu ya sehemu. Tano ni usimamizi wa matoleo, ruhusa na mabadiliko ya modeli katika shirika kubwa. Ndege ya Boeing 777, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994, ilisanifiwa kwa CATIA, na migongano kati ya sehemu zake iliweza kutafutwa kwenye kompyuta kabla chuma hakijakatwa. Kazi hiyo isingewezekana kwa programu za mezani za wakati ule.

Tukiitazama upya orodha hiyo, tunaona kwamba vipengele vitatu vya mwanzo vinahusu umbo na utengenezaji wake, ilhali viwili vya mwisho vinahusu wingi: wingi wa sehemu, watu na matoleo. Mhandisi asiyesanifu bodi za magari wala mabawa ya ndege analipia hasa vipengele hivi viwili. Swali linalofuata, basi, ni iwapo kuvilipia ni sawa na kuvipata.

4.0 Mkasa wa Nyaya za A380

Jibu la swali hilo limo katika historia ya Airbus A380. Ndege hiyo ilisanifiwa na timu zilizokuwa katika nchi kadhaa za Ulaya. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakitumia toleo la nne la CATIA, huku wenzao wa Toulouse, Ufaransa, wakitumia toleo la tano. Jina lilikuwa moja, lakini toleo la tano lilikuwa limeandikwa upya, na data hazikuweza kuhama kutoka toleo moja hadi jingine bila kupoteza chochote.

Kila ndege ilihitaji takriban kilomita 530 za nyaya. Vitita vya nyaya vilivyoandaliwa Hamburg vilipofika kwenye hatua ya kuunganishwa Toulouse, baadhi vilikuwa vifupi. Havikuweza kufika kwenye viunganishi vyake. Juni 2006 ulitangazwa ucheleweshaji mwingine wa ndege hiyo, na hisa za EADS, kampuni mama ya Airbus wakati huo, zikaporomoka kwa zaidi ya robo ya thamani yake kwa siku moja. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa shirika la Singapore Airlines Oktoba 2007.

Tofauti ya matoleo haikuwa sababu pekee. Wingi wa nyaya zenyewe, matakwa tofauti ya kila mteja kuhusu mpangilio wa ndani, na mgawanyo wa kazi baina ya mataifa vilichangia pia. Lakini kwa uhakiki huu, jambo moja linatosha: katika mkasa huo hakuna aliyekuwa akitumia programu ya bei nafuu. Jedwali la ulinganishaji lingeipa kila timu alama ya ndiyo katika kila safu. Kilichokosekana ni makubaliano ya kutumia toleo moja, na jedwali halina safu ya makubaliano.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mkasa huu unathibitisha udhaifu wa uongozi, na hauhusiani na ubora wa programu. Pingamizi hilo ni sahihi, nalo linaimarisha hoja ya makala haya. Programu za daraja la juu hunadiwa kwa ahadi kwamba timu zote zitafanya kazi juu ya modeli moja. Mkasa wa A380 unaonesha kwamba ahadi hiyo hutimizwa na watu kwa kutumia programu, na kwamba bei ya leseni haijumuishi sehemu ya watu.

5.0 Aina Tatu za Rahisi

Iwapo ghali haitoshi kuwa dhamana, je, rahisi ndilo jibu? Watetezi wa programu za bei nafuu huelekea kuruka kutoka hoja ya kwanza hadi ya pili bila daraja. Ili kuepuka kosa hilo, inafaa kutofautisha aina tatu za rahisi, kwa kuwa kila moja ina gharama yake.

Aina ya kwanza ni rahisi ya kupogolewa. AutoCAD LT, iliyotolewa mwaka 1993, ni mfano wake. Muuzaji alichukua bidhaa yake ghali, akaondoa ujenzi wa maumbo ya vipimo vitatu, na kwa miaka mingi hakuruhusu lugha ya AutoLISP ambayo watumiaji huitumia kuandika amri zao wenyewe. Lugha hiyo iliongezwa katika toleo la LT 2024. Kwa anayechora michoro ya vipimo viwili, kupogolewa huko si hasara. Lakini mipaka ya kazi yake imechorwa na muuzaji, na mlango wa kuivuka ni kununua kile kilicho ghali.

Aina ya pili ni rahisi ya kuazimwa, yaani leseni za wanafunzi. Mwanafunzi wa uhandisi hupewa programu ghali bure au kwa bei ndogo sana, kwa sharti kwamba asiitumie kwa kazi ya biashara. Anapohitimu, leseni hukoma lakini mazoea hubaki. Anaingia kazini akiwa na ustadi ambao hauna zana, na ofisi ndogo inayomwajiri hulazimika ama kununua zana hiyo ama kumfundisha upya. Gharama ya rahisi hii hulipwa baadaye, tena na mtu mwingine.

Aina ya tatu ni rahisi ya kujengwa kwa pamoja, na FreeCAD ni mfano wake. Programu hii huria ilianza mwaka 2002 juu ya kiini cha Open CASCADE, ambacho msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 1999 na kampuni ya Matra Datavision ya Ufaransa. Bei yake ni sifuri. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa na tatizo ambalo kila mtumiaji wa muda mrefu alilifahamu. Programu ilizitambua nyuso na kingo za modeli kwa namba za mfuatano. Mhandisi alitoboa tundu kwenye uso wa sita. Kesho yake akarudi nyuma na kubadili hatua ya mwanzo. Namba zikajipanga upya, na tundu likahamia uso mwingine au modeli nzima ikavunjika. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, ndilo lililoleta marekebisho makubwa ya tatizo hili.

Kabla ya hapo, watumiaji wazoefu walijifunza kuliepuka: kufunga michoro kwenye bapa za msingi badala ya nyuso za modeli, na kuacha ulainishaji wa kingo hadi mwisho. Ujuzi huo ulikuwa bei, ingawa haukuandikwa kwenye ankara yoyote. Hapa ndipo maana mbili za neno rahisi zinapoachana kabisa: programu isiyodai hata senti ilidai saa nyingi za mtu makini.

Kutokana na mifano hii tunaweza kusema kwamba kazi ya kuitunza modeli haipotei kwa kuchagua programu moja au nyingine, huhamishwa. Katika programu ghali, sehemu yake hubebwa na muuzaji na hulipwa kwa fedha. Katika programu huria hubebwa na mtumiaji na hulipwa kwa muda na maarifa, ingawa maarifa hayo hubaki kuwa yake.

6.0 Faili ni la Nani?

Modeli ya kihandisi ina mambo mawili ndani yake: umbo, na nia ya msanifu. Nia hukaa katika mfuatano wa hatua: kwamba tundu hili liko katikati kwa makusudi, kwamba unene huu unategemea upana ule. Kiwango cha kimataifa cha STEP, yaani ISO 10303, ambacho sehemu zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1994, huhamisha umbo kutoka programu moja hadi nyingine kwa uaminifu wa kuridhisha. Katika matumizi ya kawaida, hata hivyo, mfuatano wa hatua huachwa nyuma. Mpokeaji hupata jiwe lililokwisha kuchongwa. Namna patasi ilivyopita haioni. Kwa hiyo kuhama programu ni kuacha nia nyuma na kubaki na umbo.

Jambo hili lilipata uzito mpya mwaka 2016, Autodesk ilipoacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa bidhaa zake nyingi na kubakiza leseni za kulipia kwa muda. Chini ya utaratibu huo, ghali na rahisi haviwezi tena kupimwa kwa bei ya siku moja. Hupimwa kwa miaka ambayo faili litahitajika.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa karakana ya watu watatu inayounda mashine za kupukuchua mahindi. Sehemu za mashine ni chache na hazina nyuso za mpindo mgumu. Lakini mteja anaweza kurudi baada ya miaka kumi akitaka kipuri, na siku hiyo faili lazima lifunguke. Kwa karakana hii, programu huria, nakala za STEP na michoro ya karatasi yenye vipimo kamili ni mfumo imara kuliko leseni ghali itakayokatika msimu wa mauzo mabaya. Sasa tumchukue mhandisi anayefanya kazi kwa mkataba wa kiwanda cha magari kinachodai modeli za CATIA zenye mfuatano wake wote wa hatua. Kwake, programu ya bure ndiyo ghali, kwa sababu kila badiliko litamlazimu kuijenga modeli upya. Wahandisi hawa wawili wakisoma jedwali moja la ulinganishaji, angalau mmoja wao atapotoshwa.

7.0 Mizani Inayopendekezwa

Kwa kuzingatia mjadala huu, inapendekezwa kwamba ulinganishaji wowote wa programu hizi uongozwe na maswali manne kabla ya safu ya bei kujazwa:

(a) Ni watu wangapi watakaoigusa modeli moja, na je, wote wamekubaliana kutumia toleo moja?

(b) Umbo linalosanifiwa linahitaji nini hasa, na ni uwezo upi unaolipiwa bila kutumiwa?

(c) Kazi ambayo programu haiifanyi itabebwa na nani, na je, muda na mafunzo yake vimehesabiwa?

(d) Malipo yakikoma leo, ni nini kitakachobaki mikononi mwa mhandisi: nia, umbo, au karatasi?

Maswali haya hayaondoi ukweli wa bei. Ofisi isiyo na fedha haiwezi kununua CATIA hata kama majibu yote yanaielekeza huko. Wala hayachukui nafasi ya majaribio. Hakuna hoja inayoweza kumtosha mhandisi kuliko kuijenga sehemu yake mwenyewe katika programu mbili na kuona inavunjikia wapi. Yanachofanya ni kuirudisha kazi kwenye mizani ambayo kwa muda mrefu imekuwa na programu peke yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mgawanyo wa programu za usanifu katika daraja la juu na gharama nafuu ulizaliwa na bei ya mashine, ukaendelezwa kwa sehemu na maamuzi ya soko, na unaficha ukweli kwamba programu za bei tofauti zaweza kuwa na kiini kimoja. Programu ghali haikuzinusuru nyaya za A380, na programu ya bure haikumwondolea mtumiaji wa FreeCAD kazi ya ziada. Katika hali zote mbili, kilichoamua ni iwapo kazi ya kuitunza maana ya modeli ilikuwa na mwenyewe anayejulikana.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Anayelinganisha zana za kuundia anapaswa kuuliza vimeundwa na nani, kwa makubaliano gani, na ni nani atakayeviziba siku vitakapovuja. Mpaka maswali hayo yajibiwe, kusema kwamba programu fulani ni rahisi ni kutoa nusu ya sentensi, na mhandisi atakayeichukua nusu hiyo ndiye atakayeikamilisha kwa gharama yake.